Sanduku la barua-pepe nalo lifungwe pamoja na msimu wa pamba

Na Mwandishi Wetu, Mwamapalala

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapomalizika, kila kampuni makini hufunga vitabu vyake. Daftari la mizani hupigiwa mstari, leja ya malipo hulinganishwa na taarifa ya benki, na marobota yaliyobaki ghalani huhesabiwa. Lakini kipo kitabu kimoja ambacho wengi hukiacha wazi, nacho ndicho siku hizi chenye bei, ahadi na tarehe. Kitabu hicho ni sanduku la barua-pepe.

Kitabu hiki hakikai kabatini. Kimo ndani ya kompyuta inayohudumia barua, yaani seva, ambayo ni mali ya kampuni yenyewe au ya wakala anayelipwa kwa mwezi au kwa mwaka. Karani akiacha kazi, ada isipolipwa kwa wakati au diski ikifa, kitabu nacho huondoka, na mara nyingi hakuna anayejua mpaka siku kinapotakiwa.

Wiki hii tunaeleza jinsi ya kuzitoa barua hizo kwenye seva na kuziweka katika mafaili ya kumbukumbu kwa kutumia amri chache za kuandikwa. Kazi yenyewe ni ya fundi wa kompyuta, lakini hasara ni ya mwenye kampuni na mkulima. Kwa hiyo meneja na mhasibu nao wanapaswa kujua fundi anafanya nini, na wamuulize maswali gani kabla hawajamwambia ahsante.

Pamba husafiri pamoja na barua

Mkulima wa kata ya Mwamapalala, wilayani Itilima mkoani Simiyu, huleta pamba mbegu yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, maarufu kama AMCOS. Hapo hupimwa na karani huandika stakabadhi. Kuanzia hapo pamba huenda njia yake na karatasi huenda njia yake. Pamba hupakiwa kwenye lori kwenda kinuni, na orodha ya wakulima, kilo zao na namba zao za simu au za benki hutumwa kwa kampuni, mara nyingi ikiwa kiambatisho cha barua-pepe.

Kinuni pamba hugawanyika. Mbegu huenda kwa wakamuaji wa mafuta, na pamba nyuzi hufungwa marobota na kuuzwa, sehemu kubwa nje ya nchi. Mapatano na mnunuzi wa nje kuhusu bei, daraja la pamba, mwezi wa kusafirisha na bandari ya kushushia hufanyika kwa barua-pepe zinazokwenda na kurudi siku kadhaa kabla mkataba haujatiwa sahihi. Wakati mwingine mkataba huo nao huja ukiwa kiambatisho tu.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kabla ya biashara ya pamba kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, Bariadi ikiwa bado katika mkoa wa Shinyanga, pamba ilipitia mikononi mwa vyama vya ushirika na bodi, na mauzo ya nje yalizungumzwa kwa teleksi. Mashine ya teleksi ilikuwa na sifa moja nzuri ambayo hatukuithamini: kila ujumbe ulibaki kwenye karatasi, na karatasi hiyo ilitobolewa na kuingizwa kwenye jalada bila mtu kuambiwa. Faksi nayo iliacha karatasi. Barua-pepe haiachi kitu nje ya seva mpaka mtu aamue kukitoa.

Senti moja ina uzito gani?

Tufanye hesabu ndogo. Pamba nyuzi katika soko la dunia huuzwa kwa senti za Marekani kwa ratili moja. Tani 100 ni sawa na ratili 220,462 hivi. Kwa hiyo kila senti moja inayobishaniwa katika mkataba wa tani 100 ni dola 2,204. Senti tano ni zaidi ya dola 11,000. Ubishi wa namna hiyo humalizwa na barua moja yenye tarehe na saa, iwapo barua hiyo ipo.

Ubishi hauji soko likiwa limetulia. Huja bei inaporuka au kuporomoka. Mapema mwaka 2011 bei ya dunia ilipanda na kupita senti 200 kwa ratili, kisha ikaanguka vibaya katika miezi iliyofuata. Walionunua juu walitafuta njia ya kuponyoka, na Chama cha Kimataifa cha Pamba, ICA, chenye makao yake Liverpool, Uingereza, kilipata wimbi kubwa la maombi ya usuluhishi. Mwaka 2022 bei ilipanda tena katika nusu ya kwanza ya mwaka, kisha ikashuka kwa kasi kabla mwaka haujaisha.

Mikataba mingi ya pamba duniani huandikwa chini ya kanuni za ICA. Wasuluhishi wake hukaa mbali na Bariadi, na kwa kawaida huamua kwa nyaraka walizoletewa. Muuzaji wa Simiyu anayesema "tulikubaliana" bila barua mkononi atakuwa amejishinda mwenyewe kabla ya kusikilizwa.

Sheria inasemaje

Mahakama za Tanzania zilianza kulikabili suala la kumbukumbu za kompyuta mapema. Mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank Tanzania Ltd dhidi ya Le-Marsh Enterprises Ltd, Mahakama Kuu Divisheni ya Biashara ilikubali kwamba kumbukumbu za benki zilizotolewa kwenye kompyuta zinaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya vitabu vya benki. Baadaye ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo inazuia ujumbe wa kielektroniki kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Hata hivyo, kukubaliwa ni jambo moja na kuaminiwa ni jingine. Kifungu cha 18 cha sheria hiyo kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi, iangalie jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kusafirishwa, jinsi usalama wa maudhui yake ulivyolindwa, na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Kipande cha karatasi kilichochapwa kutoka kwenye simu hakijibu maswali hayo vizuri. Faili lililotolewa moja kwa moja kwenye seva, likiwa na vichwa vya barua, saa, njia iliyopita na viambatisho vyake, linayajibu.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Ankara nyingi siku hizi huja kwa barua-pepe. Kampuni inayofuta sanduku la mhasibu kila anapobadilishwa inafuta pia majibu yake kwa mkaguzi wa kodi.

Alichokuwa nacho mkulima, kampuni ikakikosa

Mwandishi wa makala haya alikuwa mwanafunzi wa biashara mwaka 2019, na alifanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya kampuni moja ya ununuzi wa pamba ambayo hatutaitaja. Msimu huo ulikuwa mgumu. Bei dira ilikuwa Sh 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, na wakulima wengi walisubiri fedha zao kwa muda mrefu.

Malipo yalipoanza kutoka, ikaonekana tofauti ya kilo 1,240 kati ya orodha ya chama kimoja cha msingi cha upande wa Mwamapalala na leja ya kampuni. Kwa bei ya msimu huo ni Sh 1,488,000, ambayo ni ada ya shule na chakula cha miezi kadhaa kwa kaya kadhaa. Karani wa chama alisema orodha sahihi aliituma kwa barua-pepe. Na kweli aliituma. Lakini karani wa kampuni aliyeipokea alikuwa ameacha kazi, akaunti yake ikafutwa ili kuokoa nafasi, na siku 30 za neema zikawa zimepita.

Ilibidi tuzunguke vijijini kukusanya stakabadhi za mizani. Mama mmoja alitoa yake kwenye kopo la majani ya chai, imekunjwa mara nne, wino bado unasomeka. Kazi ilituchukua wiki tatu, na hesabu ya wakulima ndiyo iliyokuwa sahihi. Mkulima asiye na kompyuta alitunza karatasi yake, na kampuni yenye seva ikawa haina lolote la kuonyesha.

Kwa nini amri, na si kubofya?

Wapo watakaosema kwamba barua zinaweza kutolewa kwa kufungua programu ya Outlook na kubofya hapa na pale. Ni kweli kwa sanduku moja. Lakini kampuni yenye masanduku 40 italazimika kukaa kwenye kompyuta 40, au kuomba nywila za watu 40, na hakuna atakayeweza kuapa kwamba folda zote zimechukuliwa kwa namna moja.

Amri iliyoandikwa ina faida nne. Inafanya kazi kwenye seva yenyewe bila kuhitaji nywila ya mwenye sanduku. Inayatendea masanduku yote sawa. Inaacha kumbukumbu ya kilichofanyika, saa ngapi na matokeo gani. Na ikishaandikwa mara moja kwenye karatasi, mwaka unaofuata hurudiwa vilevile hata kama fundi ni mwingine.

Kwenye seva ya Exchange

Kampuni nyingi zilizoweka seva zao ofisini zilinunua Exchange ya Microsoft. Suala hili sasa lina haraka yake: Microsoft ilisitisha huduma za matoleo ya Exchange 2016 na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025. Wenye matoleo hayo wanahamia toleo jipya au huduma ya kupangisha kupitia intaneti, na wakati wa kuhama ndio wakati barua hupotea.

Amri inayohitajika ilianza kutumika katika Exchange 2010 ilipoongezewa marekebisho yake makubwa ya kwanza. Huandikwa katika dirisha la amri za Exchange, linaloendeshwa na PowerShell. Hatua ya kwanza ni ruhusa. Hata msimamizi mkuu hana ruhusa ya kutoa barua za watu mpaka apewe waziwazi, na huo ni utaratibu mzuri:

New-ManagementRoleAssignment -Role "Mailbox Import Export" -User msimamizi

Baada ya hapo afunge dirisha na kulifungua upya, la sivyo ruhusa haitaonekana. Hatua ya pili ni kuandaa folda ya kupokelea mafaili. Folda hiyo lazima iwe inashirikishwa kwenye mtandao wa ofisi, na kundi liitwalo Exchange Trusted Subsystem lipewe haki ya kusoma na kuandika humo. Mafundi wengi hukwama hapa, wakidhani amri ni mbovu, kumbe wameandika njia ya diski ya kawaida kama D:\ badala ya njia ya mtandao.

Hatua ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Kwa sanduku la mauzo amri huwa hivi:

New-MailboxExportRequest -Mailbox mauzo -Name Mauzo2024 -FilePath \\hifadhi\barua\mauzo-2024.pst

Faili linalopatikana huitwa PST, nalo hufunguliwa kwa Outlook. Barua hunakiliwa tu, hazitolewi kwenye sanduku, kwa hiyo mwenyewe anaendelea na kazi. Amri haifanyi kazi papo hapo. Huingizwa kwenye foleni na seva huishughulikia nyuma ya pazia. Maendeleo yake huonekana kwa kuandika:

Get-MailboxExportRequest | Get-MailboxExportRequestStatistics

Majibu ya kutazamwa ni Queued, maana yake inasubiri, InProgress, inaendelea, Completed, imekwisha, na Failed, imeshindwa. Meneja asikubali neno "tayari" kabla hajaonyeshwa Completed kwa kila sanduku.

Mitego mitano

Mtego wa kwanza ni sanduku la akiba. Baadhi ya wafanyakazi wamepewa sanduku la pili kwa ajili ya barua za zamani. Amri ya hapo juu hailigusi. Lazima irudiwe ikiwa na neno -IsArchive, tena kwa jina jingine la faili.

Mtego wa pili ni ukubwa. Outlook za kuanzia toleo la 2010 zimewekewa kikomo cha GB 50 kwa faili moja la PST, na faili kubwa namna hiyo ni zito kufungua na rahisi kuharibika. Ni bora kugawa kwa mwaka, kwa kuongeza kichujio kama hiki:

-ContentFilter "(Received -ge '01/01/2024') -and (Received -lt '01/01/2025')"

Ukitumia kichujio, thibitisha kwamba barua zilizotumwa zimeingia pamoja na zilizopokelewa. Bei uliyoitaja wewe ina uzito sawa na ile uliyotajiwa.

Mtego wa tatu ni tarehe. Mashine iliyopangwa Kimarekani husoma 05/06 kuwa Mei 6, na iliyopangwa Kiingereza huisoma kuwa Juni 5. Msimu wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei, kwa hiyo kosa hilo linaweza kukuachia nje barua za mwezi mzima wa mwanzo wa ununuzi. Tumia tarehe mosi Januari, isiyoweza kusomwa vibaya.

Mtego wa nne ni barua zilizooza. Sanduku la miaka mingi huwa na barua chache zilizoharibika, na amri ikizikuta hukataa kuendelea. Fundi anaweza kuongeza -BadItemLimit na idadi ya barua anazokubali kuziruka. Anaruhusiwa, lakini idadi hiyo iandikwe kwenye ripoti. Kuruka barua tatu ni jambo la kawaida, ila kuruka mia mbili kimyakimya ni kuficha hasara.

Mtego wa tano ni wa aliyeacha kazi. Kwa mpangilio wa kawaida wa Exchange, sanduku lililofutwa hukaa siku 30 kabla ya kutoweka, na barua iliyofutwa na mtumiaji kisha kuondolewa kwenye pipa la taka hukaa siku 14. Tena amri hii haifanyi kazi kwenye sanduku lililokwisha kutenganishwa na mwenyewe. Lazima lirudishwe kwanza. Kwa hiyo kanuni ni fupi: toa faili siku ya mwisho ya kazi, ndipo ufunge akaunti.

Ikumbukwe pia kwamba amri hii ni ya seva iliyo mikononi mwako. Katika huduma ya Exchange ya kupangisha kupitia intaneti haipo, na utoaji wa barua hufanyika kwa zana nyingine za Microsoft. Anayehama na atoe mafaili kabla ya kuhama.

Kwenye seva za Linux

Kampuni zilizokwepa gharama za leseni hutumia seva za Linux zenye programu kama Dovecot au Zimbra. Huku mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu barua mara nyingi huhifadhiwa kwa mtindo uitwao Maildir, ambapo kila barua ni faili lake. Mtindo mwingine, mbox, huziunganisha barua zote za folda moja katika faili moja refu. Yote miwili ni maandishi ya wazi, na yatasomeka hata kama iliyoyatengeneza itaondoka sokoni.

Kwa Dovecot amri huwa:

doveadm backup -u mauzo maildir:/hifadhi/mauzo

Kisha folda hiyo hufungwa kuwa faili moja lililobanwa, kama robota:

tar -czf mauzo-2024.tar.gz -C /hifadhi mauzo

Tahadhari moja ni muhimu. Neno backup katika amri hii halina maana ya kuongeza. Linafanya nakala ifanane kabisa na asili. Karani akifuta barua mia leo, nawe ukairudia amri kesho kwenye folda ileile, barua hizo zitafutwa pia kwenye nakala. Ndiyo sababu faili la tar linatengenezwa mara moja na kuwekwa kando, na mwaka unaofuata hupewa folda mpya.

Kwa Zimbra, amri moja hutoa sanduku zima likiwa limeshabanwa:

zmmailbox -z -m mauzo@kampuni.example getRestURL "//?fmt=tgz" > mauzo-2024.tgz

Anwani iliyomo ni mfano. Weka ya kampuni yako. Vyama vya msingi vyenye akaunti ya bure ya Gmail havina seva wala amri, lakini Google huruhusu mwenye akaunti kupakua barua zake zote katika mtindo wa mbox kwa huduma iitwayo Takeout. Katibu wa chama anaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Usiivute kwa intaneti ya mjini

Wapo wanaojaribu kuvuta masanduku makubwa kutoka seva iliyo Mwanza au Dar es Salaam hadi ofisi ya Bariadi. Hesabu ni hii. Sanduku la GB 20 ni megabiti 160,000. Kwenye mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde litachukua sekunde 40,000, yaani saa 11 na dakika kadhaa, iwapo umeme na mtandao havitakatika hata mara moja. Masanduku kumi ni zaidi ya siku nne na nusu mfululizo. Ni nafuu kutoa mafaili hapohapo seva ilipo, kuyaandika kwenye diski ya kubeba, na kumpa mtu anayeaminika aje nayo.

Hakiki kama unavyohakiki mizani

Faili lisilojaribiwa si kumbukumbu. Baada ya kulitoa, hatua ya kwanza ni kuchukua alama yake ya utambulisho, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na kila kilichomo ndani. Ikibadilika hata nukta moja ya barua moja, alama hubadilika kabisa. Kwenye Linux amri ni:

sha256sum mauzo-2024.tar.gz

na kwenye Windows:

Get-FileHash \\hifadhi\barua\mauzo-2024.pst

Alama hiyo iandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe, jina la faili, ukubwa wake na jina la aliyeitoa, kisha fundi na mhasibu watie sahihi. Miaka mitatu baadaye, mtu akidai kwamba faili limechezewa, alama ikokotolewe upya mbele yake na ilinganishwe na karatasi. Hivyo ndivyo mahakama inavyojibiwa kuhusu usalama wa maudhui. PST yenyewe ina tabia ya kubadilika inapofunguliwa tu kwa Outlook, kwa hiyo anayetaka kusoma afungue nakala, na faili la awali lisiguswe.

Hatua ya pili ni kufungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine na kutafuta barua tatu unazozijua: ya mwanzo wa msimu, ya katikati yenye kiambatisho kizito, na ya mwisho iliyotumwa na kampuni. Zikipatikana na viambatisho vikafunguka, ndipo useme kazi imekwisha.

Si mali ya kuachwa mezani

Mafaili haya yana bei za siri za kampuni, lakini pia yana majina, namba za simu na akaunti za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asizitumie nje ya kusudi lake. Diski yenye orodha ya wakulima ikiangukia mikononi mwa tapeli, simu za kuwadai "ada ya kutoa malipo" zitaanza jioni hiyohiyo.

Nywila inayowekwa ndani ya faili la PST ni dhaifu na haitoshi. Diski yenyewe ndiyo ifungwe kwa BitLocker, au faili lifungwe kwa amri kama gpg -c kabla ya kuondoka kwenye seva. Nywila ya kufungulia iwekwe kwenye bahasha iliyotiwa lakiri ndani ya kasha la fedha, kwa sababu faili lililofungwa na fundi aliyehama bila kuacha nywila limepotea sawa na lililofutwa. Nakala ziwe mbili, na zisilale chini ya paa moja. Moja ikikaa Bariadi, nyingine ikae Mwanza au benki.

Ratiba kwa mwenye kampuni

Kwa kampuni ya pamba, mwaka una nafasi mbili nzuri za kufanya kazi hii. Ya kwanza ni baada ya malipo ya mwisho ya wakulima kulinganishwa na leja, makarani wa muda wakiwa bado hawajaondoka. Ya pili ni kabla ya msimu mpya kufunguliwa, kwa masanduku ya mauzo ya nje, ambayo barua zake huendelea kwa miezi baada ya vituo vya kununulia kufungwa.

Anza na masanduku manne: mauzo, malipo, ghala na mkurugenzi. Kwa ofisi ndogo, fundi mmoja na mhasibu mmoja wanaweza kuyamaliza mwishoni mwa wiki moja. Gharama ni diski mbili na posho. Linganisha na senti moja kwa ratili katika tani 100, au na kilo 1,240 zilizotuzungusha vijijini mwaka ule.

Karani wa mizani wa Mwamapalala hafungi kituo kabla hajapiga mstari chini ya hesabu na kutia sahihi. Ofisi iliyo mjini, yenye kompyuta na kiyoyozi, haina sababu ya kufunga msimu kwa uzembe kuliko yeye.